Shimo la Meli ya Shamis

Kwa miaka thelathini na mitatu Abdighani wa mtaa wa Bula Pesa mjini Isiolo alikuwa fundi wa redio, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba jirani kitu. Kibiriti kikiisha, angeona heri anywe chai baridi kuliko kubisha mlango wa mtu. Mtaa ulimwita mtu wa heshima zake. Mkewe Shamis alimwita mkaidi, na Shamis ndiye aliyemjua.

Shamis naye alikuwa na donda lake la tangu utotoni. Babu yake alikuwa baharia huko Berbera, pwani ya Usomali, kabla Waingereza hawajamfanya askari na kumleta kwenye vumbi la Isiolo. Mzee huyo alipenda kusimulia kwamba meli ya matanga inaweza kwenda kule kule upepo unakotoka. Watu walivunjika mbavu. Punda mwenyewe akipigwa na upepo usoni hugeuza makalio, sembuse meli! Babu alikufa akiitwa mwongo, na Shamis, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amecheka pamoja na wengine. Kicheko hicho kilimuuma hadi uzeeni.

Ini lake liliposhindwa kabisa, na daktari akamwambia binti yao Habon amrudishe mama nyumbani apumzike, Shamis aliomba kitu kimoja tu.

"Baba Habon, umetengeneza redio za Isiolo yote. Nitengenezee meli ndogo. Nataka nione kama babu alidanganya."

Abdighani, ambaye bahari aliiona kwenye simu tu, akaanza. Mwili wa meli aliuchonga kwa mbao laini, urefu wa mkono mmoja. Matanga yalikatwa kwenye mwavuli mbovu, na Shamis akayapinda kwa sindano akiwa kitandani. Gari la kuchezea lililovunjika lilitoa rimoti na mota mbili: moja ya kugeuza usukani, nyingine ya kuzungusha kigurudumu cha uzi ili matanga yakazwe au yalegezwe. Chini alifunga vipande vizito vya madini ya risasi, vile vya kusawazishia magurudumu ya magari, meli isilale ubavu. Alipobonyeza rimoti mezani, matanga yakafunguka, na Shamis akapiga makofi kama msichana.

Yalibaki maji. Abdighani alichimba shimo uani, chini ya dirisha la mkewe, akatandika turubai. Lilitaka mitungi sitini. Lakini mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka wiki kadhaa, mvua imegoma, na watu waliishi kwa maji ya mkokoteni wa punda wa jirani yao Jarso.

"Baba, niongee na Jarso?" Habon aliuliza.

"Watu wanatafuta maji ya kunywa, mimi niombe ya kuchezea? Watasema nini? Tungoje mvua."

Shamis alisikia. "Haya, tungoje," akasema, kwa sauti ya mtu asiye na muda wa kungoja.

Kila asubuhi aliuliza kutoka kitandani, "Mawingu vipi?"

"Yanakuja," Abdighani alimjibu, na mbingu nyeupe pe.

Shamis alikufa Alhamisi alfajiri. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamemzika. Abdighani aliporudi kutoka makaburini na wanaume wenzake, alikuta shimo limejaa maji hadi ukingoni. Alisimama hapo akalitazama, asielewe.

Jarso akamshika bega. "Pole sana, mzee wangu. Kila nyumba ilileta mtungi wa kuosha marehemu na wa wageni. Mapipa yakajaa. Tukaona ulishachimba shimo la maji, tukamimina huko."

"Na nyinyi mtakunywa nini?"

"Tutapata tu. Lakini mbona ulikaa na shimo tupu bila kusema? Tungekujazia siku yoyote."

Abdighani alichuchumaa pale pale akalia kwa sauti mbele za watu, yeye aliyeogopa maneno ya watu maisha yake yote. Halafu akainuka, akaingia ndani, akatoka na meli.

"Baba, leo?" Habon alinong'ona. "Watu watasema nini?"

"Waseme."

Upepo wa mchana ulikuwa unavuma kutoka upande wa nyumba. Aliiweka meli ukingo wa mbali, akakaza matanga kwa rimoti. Meli ikainama, ikakata kwenda kulia. Akageuza usukani, ikakata kwenda kushoto. Kulia tena, kushoto tena, na kila ilipogeuka ilikuwa imesogea mbele, upepo ukiipiga usoni. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye mkeka wakainuka waone. Hatimaye meli ikagusa turubai chini ya dirisha la Shamis.

Abdighani aliinua uso haraka amwambie. Dirisha lilikuwa wazi, na wanawake walikuwa wameshatoa godoro lake kulianika.