Sura ya Paulina Ukutani

Nilipokuwa mtoto pale Masieda, nilimtoa msichana kwao kwa mavi ya ng'ombe na shanga tu. Wasanii wenye vyeti wanaocheka lugha yangu wajaribu tuone.

Mdogo wangu wa kunyonya alikufa, nyumba yetu ikaingia meeta. Huko ndiko kutengwa kwa kwetu: wazee wanaamini msiba wa namna hiyo unaambukiza kama upele. Msalaba tulikuwa nao ukutani, lakini hata tuliokaa nao benchi moja kanisani hawakukanyaga uani kwetu. Moto hatukuombwa wala hatukupewa. Nikimwamkia mzee shikamoo njiani, anapita kama amesalimiwa na jiwe. Shule niliachia hapo. Shule ndiyo iliyopata hasara.

Paulina, tuliyekaa dawati moja, alikuwa anasimama ng'ambo ya uzio wa minyaa. "We mtoto wa mkosi, leo mnazika nani?" Halafu anacheka. Mimi nilimtaka huyohuyo. Hakuna mwingine aliyekuwa ananisemesha.

Basi nikamtengeneza, kwenye ukuta wa nje unaoonekana toka njiani. Nilikandika mavi na majivu, nyusi nikabandika manyoya ya mbuzi, macho nikachomoa shanga kwenye sketi ya ngozi ya Bibi, ile aliyoishona akiwa mwali. Meno yake yaliyopishana yalikuwa mbegu za maboga. Alifanana mpaka mbwa wetu akambwekea.

Bibi hakulilia shanga zake. Aliitazama ile sura, akasema polepole, "Ifute, mjukuu wangu. Sura ya mtu ikikauka kwenye nyumba yenye meeta, mwenyewe ataifuata."

Nikaiacha ikauke. Si ndicho nilichotaka?

Mchana mmoja, watu wakiwa shambani, Paulina akapenya uzio aje kujitazama vizuri.

"Meno yangu hayako hivyo," akasema, akayagusa.

Mama yake alikuwa anapita na mzigo wa kuni. Alimwona mwanawe ndani ya ua wetu, mkono ukutani. Hakuja kumchukua. Alitua kuni, akasema, "Baki hukohuko."

Wazee wakaunga mkono: akirudi ataipeleka meeta kwao, kwenye ng'ombe na kwa kichanga chao. Akabaki kwetu mpaka tulipofunguliwa meeta. Mama yake alikuwa anamwachia nguo njiani na kuondoka bila kugeuka. Paulina alilala kwenye ngozi yangu ya kulalia, mgongo kwangu, hakunisemesha hata neno. Hata matusi yale niliyakosa.

Siku tuliyonyolewa nywele na kutakaswa, alichukua jembe akaikwangua ile sura mpaka fito zikaonekana. Kisha akaenda kwao.

Leo picha zangu za ngozi, majivu na shanga juu ya mbao zinatundikwa Arusha. Wageni huuliza kwa nini kila sura nimeikwangua. Nawajibu ni mtindo wangu, nao wanapiga makofi, maskini.

Paulina anauza vitunguu saumu kwenye soko la Daudi. Huwa nanunua kwake. Ananipimia vizuri tu, ila nikitoa simu nimpige picha, anavuta mtandio anafunika uso.

Bibi alisema kweli, mwenyewe aliifuata. Kwamba mtu anaweza kuja, akalala pembeni yako, na bado ukabaki umetengwa, hilo hakunionya. Na mimi nikimaliza sura yoyote, naiacha ikauke, halafu najikuta naangalia njiani.