Keki Iliyonistaafisha

Askari wa kike pale langoni alinigeuzia kitabu cha wageni, akanipa kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Andika jina, nambari ya kitambulisho, kampuni unayotoka, unayemwona na sababu."

Nikaandika jina. Nikaandika nambari. Pale kwa kampuni nikaandika jina la kampuni hiyo hiyo, ile iliyopakwa kwa herufi kubwa juu ya kichwa chake. Akasoma, akalipiga mstari.

"Mzee, hapa ni sisi. Wewe unatoka wapi?"

"Natoka hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ndani. Hicho chumba cha dirisha la kijani, mimi ndiye nilikuwa nakifungua kila asubuhi, wewe ukiwa bado unavalishwa sweta."

"Sawa mzee. Basi andika binafsi. Hata mama wa maziwa huandika binafsi."

Nikaandika binafsi. Akanivisha kadi shingoni: MGENI, 7. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi katika kiwanda hicho cha chai huku Kericho, na miaka mingine sita nimeifanyia kampuni hiyo hiyo nikiwa Malawi, halafu nikaingia na kadi kama mtu amekuja kuuza sufuria. Nimepona malaria mara nne. Nimepona mashine za kuchuma zilipokuja zikapeleka nusu ya jirani zangu nyumbani. Lakini hiyo kadi ya nambari saba sijapona.

Mimi sikusoma sana. Darasa la sita, huko Kimulot, nikatoka. Kwa hivyo mkiona mstari umepinda, nyoosheni wenyewe. Majina ya watu sitaandika, maana mke wangu ameniambia nisilete kesi nyumbani. Vyeo nitaviandika vyote. Na kiwanda kile, kila cheo kina mtu mmoja tu.

Kazi yangu ilikuwa ya pua. Majani yakishasagwa hukaa kidogo, yanageuka rangi kutoka kijani hadi kama shaba, na hapo lazima mtu aseme sasa, yaende kwa moto. Ukisema mapema, chai inakuwa kali kama dawa ya ng'ombe. Ukichelewa, inakuwa maji ya kuoshea vikombe. Wengine walikuwa na kipimajoto. Mimi nilikuwa nachukua konzi moja, naifinya, nanusa, nasema bado, au nasema haya. Sikukosea mara nyingi.

Siku moja meneja wa kiwanda akaja na kikombe mkononi. Alikuwa mtu wa kupenda utani, huyo.

"Onja hii."

Nikaonja. "Hii mmeitoa wapi? Imelala."

"Malawi. Kiwanda chetu cha huko. Wamenunua mashine mpya kabisa, lakini pua hawakununua. Tunataka kupeleka yako."

"Pua peke yake?"

"Na wewe uisindikize. Miaka miwili tu."

Nikamwuliza jambo moja, na hilo moja ndilo nililotaka kujua: miaka yangu itakuwaje? Nitaeleza kwa nini. Kwenye korido ya ofisi kuna ubao mrefu wa mbao, na juu yake wamepaka rangi ya manjano majina ya watu waliofanya kazi miaka ishirini bila kukatika. Baba yangu alichuma chai ya kampuni hiyo mpaka vidole vikawa vyeusi havioshiki, lakini wachumaji hawakuwa wanaandikwa. Mimi nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja. Mama alikuwa ameshaniambia nikiandikwa apelekwe aone, hata kama herufi hazijui.

Meneja akacheka. "Huu ni uhamisho wa ndani. Hutoki kwa kampuni. Unatoka chumba kimoja unaingia kingine, ni vile tu hicho kingine kiko Malawi. Miaka yako inatembea na wewe."

Haya. Nikakubali, nikaenda kupimwa suti huko Sotik. Suti ya kwenda kunusa majani! Lakini mtu anavuka mipaka, atavaa nini?

Sasa aingie mwenyekiti wa kamati ya maslahi. Huyu alikuwa karani wa mizani ya kupimia majani, mtu wa Sotik, rafiki yangu wa kula sahani moja. Hakuna mtu alipenda sherehe kama yeye. Aliposikia naondoka kimya kimya alikasirika kabisa.

"Haiwezekani," akasema. "Mtu aende Malawi kama anaenda chooni? Watu wale nini?"

Shida ilikuwa fomu. Ukitaka kampuni itoe keki, soda na zawadi, unajaza fomu, na fomu ilikuwa na vijisanduku vitatu: amestaafu, amejiuzulu, amefariki. Cha kuhamishwa hakikuwepo. Mtu akihamishwa hali keki, ndio ilikuwa sheria yao. Kesho yake nikamkuta rafiki yangu anatabasamu mpaka masikioni.

"Nimemaliza. Ya kufa nimekuachia, utajaza mwenyewe siku yako. Nimeweka alama kwa ile yenye keki kubwa."

"Umenistaafisha?"

"Kwa saa mbili tu! Tukimaliza kula unarudi kazini."

Nikacheka. Naandika hapa wazi kwamba nilicheka, tena nikampiga mgongo. Fomu ikaenda kwa afisa wa wafanyakazi, na yeye akaigonga muhuri. Mama huyo wiki hiyo hiyo ndiye alikuwa ananijazia karatasi za kibali cha kufanya kazi Malawi. Kwenye meza moja aligonga kwamba nimeacha kazi, na kwenye meza ile ile akaandika kwamba kampuni inanituma kazini. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Alisema, "Ni ya keki tu, si ndio?" Nikasema ndio, madam.

Sherehe yenyewe ilikuwa tamu. Uwanja wa kando ya mizani, kwaya ya kanisa la laini zetu, zile nyumba za wafanyakazi, na mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwa vibuyu vya akina mama, maana hatukuwa tayari kuaga mtu kwa soda peke yake. Wazee walinivisha sinendet shingoni, ule mmea tunaovisha mtu aliyeshinda. Wakanipa saa ya ukutani imeandikwa ASANTE KWA UTUMISHI WAKO. Mimi nikashika maikrofoni, nikaongea mpaka kwaya ikaanza kukohoa. Nilikula vipande viwili vya keki. Cha pili kilikuwa na ua la sukari.

Malawi nilifika na pua yangu, ikakataa kazi. Kule ni joto! Huku kwetu majani yanageuka polepole, unapata nafasi hata ya kuongea na mtu. Kule unageuka upige chafya, ukirudi chai imeshapita. Wiki ya kwanza niliharibu mzigo mzima. Fundi mmoja wa huko, mzee mcheshi, alinusa akanitazama kwa huruma, akasema kwa Kiingereza chake, nami nikaelewa kwa changu, "Bwana, wewe umefika. Pua iko bado njiani."

Hapo nikafungua sanduku, nikatoa ile saa ya ukutani. Nikaipigilia msumari kwenye chumba cha kugeuza majani. Nikaanza kuhesabu dakika pamoja na kunusa, asubuhi hivi, mchana hivi, siku ya mvua hivi, nikichora vijiti ukutani kwa chaki. Mwezi wa tatu chai ikaamka. Wanunuzi wakapiga simu kuuliza ni nini kimebadilika. Yule fundi akaanza kuniita Aphunzitsi, yaani mwalimu. Mimi, wa darasa la sita! Nilitamani mwalimu wangu wa hesabu asikie.

Miaka miwili ikawa sita. Walinifanya msimamizi wa zamu, halafu mkuu wa usindikaji wote, na mlango wenye cheo changu juu yake. Nilijifunza kusema muli bwanji, yaani hamjambo, asubuhi, na zikomo, yaani asante, jioni, na katikati nilitumia mikono. Kila mwaka nilimpigia afisa wa wafanyakazi huku nyumbani. Nilimwuliza kuhusu ubao.

"Mambo yako iko sawa," alikuwa anasema. "Rangi utapakwa ukirudi. Wewe fanya kazi."

Nikafanya kazi. Kisha mama akaanza kuzeeka kwa haraka, nikaomba kurudi. Meneja wa Malawi akaandika barua nzuri ya kunirudisha. Nikaja nayo mpaka langoni, nikapewa kadi nambari saba.

Afisa alikuwa bado kwenye kiti kile kile. Alisoma barua, akabonyeza kompyuta, akabonyeza tena.

"Hapa inaonyesha ulistaafu."

"Nikiwa na miaka arobaini?"

"Kwa hiari yako."

"Na huko Malawi nilikuwa nani?"

"Huko waliajiri mtu mpya. Ukirudi hapa unaomba kazi kama mtu yeyote, baba. Nafasi zikitokea."

"Madam, si ni wewe ulinijazia kibali?"

"Mimi naangalia faili." Akatoa picha ndani ya faili. Ni mimi, sinendet shingoni, saa mkononi, sukari kwenye mdomo. "Huyu si wewe?"

"Ni mimi."

"Unafanya nini hapo?"

"Nakula keki."

"Basi."

Nikatoka kupitia korido. Ubao uko pale pale. Jina la mwisho, rangi bado inang'aa, ni la karani wa mizani. Rafiki yangu mwenyewe. Yeye hakustaafishwa hata kwa saa mbili.

Nilimfuata kwenye hoteli moja Sotik, nikamkuta na chapati. Alilia, kusema kweli. Alinishika mkono.

"Ndugu yangu, ilikuwa keki."

"Njoo useme hivyo ofisini."

"Nikisema nilijaza uongo kwa fomu hiyo, wataniuliza fomu za wengine." Akafuta macho kwa kitambaa cha meza. "Unajua tumekula keki ngapi?"

Meneja wa kiwanda, yule wa kikombe, alipandishwa cheo kwa ajili ya chai ya Malawi. Yuko Nairobi. Nikipiga simu, sekretari wake anasema yuko kwenye mkutano. Mkutano wa miezi mitatu.

Siku hizi niko Kimulot na ng'ombe wangu wawili, nachuma chai yangu mwenyewe. Mama huniuliza siku gani tutaenda kuona ubao. Namwambia wanasubiri rangi ikauke. Hilo nitalijibu mimi siku ya kujibu, silikwepi. Na kuhusu kucheka kwangu siku ile ya fomu, nitajibu pia.

Lakini wewe, afisa wa wafanyakazi, unajijua. Karani alipenda keki, na meneja alipenda cheo. Wewe ndiye ulikuwa na karatasi zote mbili mbele yako. Njoo pale uwanjani kando ya mizani, mchana, uwaite wale wale waliopiga makofi. Karani aje na midomo yake, meneja atoke kwa mkutano wake. Mimi nitaleta ile saa. Miaka sita iliifanyia kampuni kazi, nayo mmeiandika imestaafu. Sitaki keki wala soda. Nataka mama yangu akalishwe kwa kiti cha mbele, wewe usimame mahali niliposimama, ushike maikrofoni, useme: siku ile ulipogonga muhuri, ulijua naenda kazini au hukujua?