Msumari na Matundu ya Upepo

Mdogo wangu alikuwa fundi viatu. Watu walimwita Msumari kwa sababu alibana misumari midomoni akifanya kazi, hivyo mteja msumbufu hakuwahi kujibiwa. Mkewe alipofariki kodi ilimshinda, akahamia kulala kwenye baraza la duka la vitambaa. Kwangu hakutaka. Mimi mwenyewe nakaa kwa binti yangu na mumewe, na Msumari alisema hawezi kujazana kwa mkwe kama mzigo wa kuni.

Zilipojengwa zile nyumba za watu wasio na makazi, nilihangaika mimi mpaka akapata chumba. Na zilikuwa nyumba kweli. Kuta nene za matofali ya udongo, paa limeinuliwa, na juu ya kuta kuna matundu pande mbili ili joto litoke lenyewe. Nje jua linawaka, ndani unadhani umeingia kwenye mtungi wa maji. Feni ya nini?

Lakini mtu aliyezoea kulala nje, adui yake ni upepo. Msumari alikata viraka vya mpira wa tairi, akaziba kila tundu, kingo zote kazipigilia misumari. Kazi safi. Halafu siku ya mvua akaingiza jiko la mkaa ndani, apashe chai.

Jirani alimkuta sakafuni, hajitambui. Alipozinduka, msimamizi wa nyumba zile, mama mmoja mwenye sauti ya kufukuza kuku, alikuwa juu ya ngazi anang'oa viraka mbele ya watu wote, akisema matundu hayo ndiyo pumzi ya nyumba na anayeyaziba anajiua. Alisema kweli. Ila angefunga mlango kwanza.

Msumari akabeba kisanduku chake cha kazi, akarudi barazani. Nilimfuata, nikabembeleza, nikakemea, wapi. Mwishowe akatoa misumari mdomoni.

"Dada, chumba cha kupitisha upepo usiku kucha kina tofauti gani na hapa? Hapa angalau hakuna anayenipandia ngazi."

Nikamuuliza, je, wakikuruhusu pazia la usiku, upande mmoja tu, na jiko likae nje? Akawaza mpaka akamaliza kisigino cha kiatu.

"Hapo nitarudi."

Nilikwenda mbio na magoti yangu haya. Msimamizi hakubisha. Pazia upande mmoja halina ubaya, alisema, laiti angeomba mapema. Lakini chumba hakiachwi kitupu watu wakilala nje, na asubuhi ile kilikuwa kimepewa mama mwenye mtoto mchanga. Nilichungulia nikamwona mtoto amelala, hata jasho hana. Nikampa mama yake hongera.

Niliporudi, Msumari alikuwa ameshakunja maboksi yake ya kulalia na kuyafunga kamba, ameketi na kisanduku mapajani. Alinitazama usoni. Akafungua kamba, akaanza kutandika.