Nani Kaanzisha Wimbo Kwenye Kona ya Yadi

Tarehe 14 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, Badru Hija aliambiwa na daktari kwamba utumbo wake mpana una vidonda, na kwamba ugonjwa huo hutulizwa kwa dawa lakini hauishi. Daktari hakumkataza kukimbia.

Akaendelea kukimbia. Badru, karani katika ofisi ya wakala wa forodha, ni mwanachama wa klabu ya jogging ya mtaani kwao, Kurasini. Kila Jumapili alfajiri kundi hutoka na fulana za rangi moja, likizunguka yadi za makontena kwa nyimbo. Anayeanzisha ni yeye. "Nani kalala?" huuliza, nao hujibu kwa pamoja, "Sie macho."

Habari za ugonjwa hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuzoeana na mlinzi wa yadi moja. Tumbo likimbana, hupunguza mwendo hadi awe wa mwisho, hupenya kwenye uwazi wa uzio na kutumia choo cha walinzi. Rafiki yake Walid hudaka wimbo. Badru akimaliza hukata katikati ya makontena, akatokea upande wa pili kabla kundi halijamaliza kuzunguka.

Wenzake walichokiona ni kingine kabisa. Mtu waliyemwacha nyuma yao amesimama mbele yao, mikono imelowa, uso umempauka, anawasubiri. Wakaanza kusema Badru ana mwenzake. Binti mmoja, Naima, akawa anakimbia huku anasoma Ayatul Kursi chini kwa chini.

Maneno hayo yalimfikia, hakuyakanusha. Aliona afadhali jini kuliko kuhara.

Jumapili iliyopita, giza likiwa bado halijaondoka vizuri, tumbo lilimbana vibaya. Alikaa chooni muda mrefu kuliko kawaida yake. Kundi lilipita nje ya ukuta, na akasikia "Sie macho" waziwazi. Kabla ya hapo alikuwa amesikia swali. Liliulizwa kwa sauti yake mwenyewe, na ule ukwaruzo wa mwishoni ambao alidhani anaujua peke yake. Makontena matupu hurudisha sauti, alijiambia. Lakini tangu aingie mle ndani alikuwa hajafungua mdomo.

Siku hiyo hakukata njia. Alirudi kwa barabara na kuwakuta uwanjani wananyoosha viungo.

"Nani kaanzisha kule kwenye kona ya yadi?" alimuuliza Walid.

"Si ni wewe, braza. Mie ningeanzisha vipi na wewe unaimba?"

"Mie sikuwepo."

Walid alishusha macho, akamtazama miguu.

Mwenyekiti wa klabu, Bi Mwanaheri, akamwita pembeni. Badru alimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kumpa mkono.

"Mwanangu, watu wanakuogopa. Jumapili ijayo tuna bonanza Kawe. Ukasomewe dua kwanza. Hutaki, kaa nyumbani."

Harusini Badru alishaacha kwenda, kwa sababu ya pilau na foleni ya choo. Mpira wa jioni aliuacha mwaka jana. Kilichobaki cha kumkutanisha na watu wa rika lake ni hizi Jumapili. Akarudi katikati ya uwanja.

"Mie sina jini," alisema. "Naumwa utumbo, una vidonda. Nikiwapotea niko chooni kwa mlinzi. Basi."

Walitazamana.

"Ayatul Kursi zangu zote zile," Naima alisema, "kumbe mtu anaharisha."

Uwanja mzima ukacheka, na Badru mwenyewe akacheka mpaka akachuchumaa. Bi Mwanaheri alimshika bega, akamwambia kusomewa basi tena, na siku nyingine aseme mapema.

Walid hakucheka.

"Sawa, ulikuwa chooni," alisema. "Sasa leo tumemwitikia nani?"

Kila mmoja alikuwa ameitikia. Hakuna aliyekuwa amegeuka kutazama. Bi Mwanaheri alipitisha macho uso kwa uso, kisha akasema watu wajipange, jua linatoka.

Jumapili ijayo klabu inakwenda Kawe, na Badru ndiye atakayeanzisha nyimbo. Wamekubaliana kwamba akichepuka kwenda chooni, kundi zima litasimama barabarani na kunyamaza mpaka arudi.