Programu ya Kumtuliza Mama

"Sasa mimi nikichelewa kutoka, itamwambia nini Mama?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo huku akivua shati safi na kuvaa la kazi, lililokakamaa kwa tope. Tulikuwa kwenye machimbo madogo upande wa Geita, mbele ya kibanda cha mama lishe aliyewapikia vijana wa duara lao. Duara ni shimo la dhahabu, na vijana wale hawakushuka na simu. Walimwachia yeye, akazifungia kwenye sanduku lake huku zikichajiwa kwa sola, na jioni kila mtu alichukua yake pamoja na sahani ya ugali.

Nilikuwa nimetoka kumwekea mdogo wangu programu yangu. Ilikuwa na vitufe viwili, Naingia na Nimetoka. Akitoka na kubonyeza, simu ya Mama kule Samuye inawaka kijani: Mwanao ametoka salama. Hilo la kuchelewa nilikuwa sijalifikiria.

"Nitaangalia," nikamjibu.

"Msomi mzima anaangalia," akawaambia wenzake, wakacheka wakaelekea shimoni.

Nilikuwa nimesoma takwimu, si mambo ya kuunda programu. Hii iliandikwa na akili mnemba. Nikiwa nyumbani bila kazi, niliieleza ninachotaka kwa maneno yangu, na kabla jua halijazama ilikuwa imeshanipa kitu kinachofunguka kwenye simu. Sikuiamini. Niliiuliza kila kitu: kwa nini hapa umeweka hivi, una uhakika gani? Kila nikiuliza iliniomba radhi na kubadilisha, hata pale ilipokuwa sahihi. Nikajifunza kuuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtu mwenye aibu.

Duka la programu halikukubali kuipokea mpaka watu kadhaa waitumie kwa majuma fulani bila kuiondoa. Nikawaomba wenzake mdogo wangu, mama zao na wake zao. Kati ya mama hao, wa kwanza kuifungua alikuwa Mama yetu, akiwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa mchele magotini. Programu ilimdai namba ya simu papo hapo.

"Hata salamu haina?" akauliza.

Nikaiambia mashine iweke salamu. Ikaandika: Habari, mpendwa mtumiaji.

"Mtumiaji ndiyo nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi ni mama yako, ng'wanawane, mwanangu wee. Huyu mtumiaji mtafutie kwao."

Nikaifuta, nikaandika mwenyewe: Shikamoo, Mama. Tangu hapo kila ilipowaka aliiitikia kwa sauti, "Marahaba," halafu ndipo akasoma kilichofuata. Nilimwambia haisikii. Akasema kuitikia salamu hakuna hasara.

Kijani kilikuja kila jioni. Mama alitabasamu, akaniita nione, akaniambia kazi yangu ni nzuri. Nilikuwa mtu wa kutilia shaka kila jambo, lakini hapo nilitulia. Tangu Baba afariki na mdogo wangu aende machimboni, Mama alikuwa akizipitisha jioni kwa shida. Chakula kilipoa mbele yake mpaka apate habari ya mwanawe. Sasa nilimwona anakula, na nikaamini nimemwondolea kitu kizito kifuani.

Swali la mdogo wangu lilibaki palepale. Mashine ilikuwa imeshajaza jibu lake, nami sikulibadilisha kwa sababu sikuwa na jingine. Siku moja likajitokeza. Giza lilikuwa linaingia, mbuzi wameshafungwa, simu ikawaka nyekundu: Mtumiaji hajaripoti. Chukua hatua.

Mama alisoma polepole, midomo ikitembea. Hakuitikia, maana safari hii salamu haikuwepo.

"Hatua gani?" akaniuliza.

Nilipiga simu ya mdogo wangu, ikaita mpaka ikakatika. Mama akachukua simu yake nyingine, ya kitochi, akapiga kwingine, hapatikani. Nikamuuliza anampigia nani. "Mtu wa hukohuko," akasema, akapiga tena. Niliwatafuta wenzake mdogo wangu, nao simu zao ziliita tu. Alfajiri tulikuwa kwenye basi la Kahama. Mama alikuwa amejifunga kanga mbili na kushika mfuko wenye shuka jeupe, jipya. Sikuuliza ni la nini. Hilo ndilo swali pekee ambalo sikutaka kujibiwa.

Tulipofika machimboni, makarasha yalikuwa yanasaga mawe na vumbi limetanda. Kibanda cha mama lishe kilikuwa kimefungwa. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya gunia la mawe, amepauka vumbi mpaka kwenye kope, anakula muhogo wa kuchemsha. Alipotuona alisimama, muhogo mkononi.

"Mayu? Shikamoo, Mama. Kuna msiba nyumbani?"

Mama hakuitikia. Alimwendea, akaanza kumpangusa vumbi kichwani kwa ncha ya kanga, taratibu, kama mtu anayetafuta jeraha. Akampangusa masikio, akamgeuza, akampangusa shingo. Yule kijana wa watu, mwenye ndevu, alitulia apanguswe mbele ya wenzake wote.

"Umekula?" Mama akauliza hatimaye.

"Si nakula, Mama."

"Basi kaa ule. Na hizo nywele ukazinyoe, unatisha."

Akakaa naye juu ya lile gunia. Mfuko aliusukuma nyuma ya miguu yake.

Kilichotokea kilikuwa kidogo. Mama lishe alipata taarifa ya msiba kwao Bukombe, akaondoka mbio na ufunguo wa sanduku mfukoni, na simu yake ikaisha chaji njiani. Simu za vijana wote zilikuwa ndani ya sanduku, zinaita wenyewe wakizisikia.

"Dada," mmoja wao akaniambia, "programu yako inafanya kazi kweli. Imetuletea mgeni. Ongeza kitufe ilete na kuku."

"Wa kienyeji," mwingine akadakia. Hata Mama alicheka.

Tuliporudi nilikaa na mashine siku kadhaa juu ya sentensi moja tu. Nilitaka jambo la kumwambia mama ambaye hana habari za mwanawe. Ilipendekeza, Usiwe na wasiwasi. Nikakataa: sisi tunajuaje kama hapaswi kuwa nao? Ikapendekeza alama ya hatari na mlio. Nikakataa. Mwisho niliandika mwenyewe: Shikamoo, Mama. Bado hatujapata habari. Unaweza kumpigia huyu. Chini yake ikafuata namba ya mtu wa juu ya shimo, anayechaguliwa na mchimbaji mwenyewe. Mdogo wangu alimchagua mama lishe. Majaribio yakaisha, nikaituma dukani, ikapokelewa. Mama aliifungua upya, akasema "Marahaba," akaniombea niolewe na mtu mwenye subira.

Miaka ikapita. Mdogo wangu aliacha mashimo, yuko Isaka anapakia mizigo kwenye malori. Yule mama lishe naye aliacha biashara, na siku moja alikuja Samuye kumsalimia Mama. Nilimsindikiza barabarani kungojea gari, nikamshukuru kwa kumtunza mdogo wangu, nikamsifu kwamba angalau yule kijana alikuwa anakumbuka kubonyeza kila jioni.

"Nani, yule?" akasema. "Hajabonyeza hata mara moja. Anatoka shimoni kachoka, anataka maji na ugali. Mama yako ndiye alikuwa ananipigia kila jioni, mimi namwambia, katoka, yule pale anaoga. Akisharidhika ananiambia, 'Sasa nibonyezee ile ya kijani, binti yangu asije akaona kazi yake imeshindwa.'"