Msimu Ulionila Kidole

Malindi hakuna mlima. Mlima wetu ni mchanga, na asiyeamini apande baiskeli aupitie saa sita mchana huko nyuma ya Gede, na mtu yuko nyuma yake anamhemea shingoni. Watu wakiniuliza, "Ati wewe unashindana baiskeli za milimani, milima yenyewe iko wapi?" huwajibu hivyo, na wakicheka nawaacha wacheke. Mimi si mtu wa kubembeleza kueleweka.

Msimu ninaousimulia niliuanza nikiwa na miaka thelathini na moja, nimerudi kwetu na talaka moja na baiskeli mbili. Moja ilikuwa kuukuu, ya kuendea kazini. Ya pili ndiyo ya mashindano, yenye shokapu mbele na matairi mapana, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akitembeza watalii msituni. Siku nilipoiingiza uani mamangu aliitazama akasema, "Na hii italala wapi?" Nikamwambia chumbani kwangu. "Pahali pa mume," akasema, akaingia zake jikoni. Hakuwa na ubaya, ndivyo anavyosema.

Kazi yangu ni kuwachora mabibi harusi hina na piko. Ni kazi ya nyumba yetu. Mama alichora, na nyanyangu alichora tangu wako Lamu. Macho ya mama yalipoingia mtoto wa jicho, kijiti kikabaki kwangu. Kwa asiyeijua piko, ni rangi nyeusi inayochorwa kwa kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno, na ikishashika ngozi haitoki kwa maji wala sabuni. Utakaa nayo wiki mbili, upende usipende. Kwa hiyo mkono wa mchoraji hauruhusiwi kutetemeka, na siri ya kutotetemeka ni kidole cha mwisho. Hicho hakichori. Hukilaza juu ya ngozi ya unayemchora kikawa nguzo, na vingine vikacheza. Ndicho kinachokwambia hapa pamelowa, hapa pamekauka, hapa anataka kujikuna. Mama alinifunza hivyo kwa kunichapa mkono kila nilipokiinua.

Mbio za msimu ule zilikuwa tano, za kwanza mvua ndefu zilipokatika, za mwisho kabla mji haujajaa wageni wa Disemba. Mwanamke atakayeongoza kwa pointi mwisho wa zote tano angeingia timu ya Pwani aende kushindana bara. Nilitaka kwenda bara. Nilitaka mpaka naona haya kusema. Tangu niachwe sikuweza kutulia mahali; nikiketi mguu unacheza, nikilala naamka, nikiamka nataka kutoka. Sala ya alfajiri ikiisha tu mimi nishavaa suruali pana na mtandio wangu chini ya helmeti, na jua likichomoza nishavuka daraja la Sabaki. Huko peke yake ndiko kifua kilikokuwa kikifunguka. Nikirudi nyumbani, saa moja tu, naanza tena kuzunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Mbio za kwanza, kwenye mashamba ya mkonge nyuma ya Kilifi, nilitoka wa tatu nikarudi nimenuna. Za pili, Mariakani, kwenye mawe, nilitoka wa pili. Aliyenishinda ni mwalimu wa shule ya msingi wa hukohuko Mariakani, mwanamke mrefu, mpole, anayekupita huku anakusalimia. "Habari ya asubuhi, dada," halafu huyoo. Jamani, nilimchukia! Mtu akunyang'anye nafasi yako na adabu juu yake.

Za tatu zilikuwa Dabaso. Njia ilizunguka kando ya mikoko, mizizi juu ya mizizi, saa mbili na nusu za kutikiswa, nami nimeukamata usukani kana kwamba kuna mtu anataka kuniibia. Siku hiyo nilimshinda mwalimu. Nilipovuka mstari nikapewa kikombe cha maji, kikaniponyoka. Nikapewa kingine, hicho nikakishika kwa mikono miwili. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia na mwenzake wa pete vilikuwa vimekufa ganzi. Nikavitikisa, nikavikanda, nikasema uchovu. Na furaha ile, nani ana habari na vidole?

Ijumaa iliyofuata ganzi ilikuwa bado ipo. Cha pete kilikuwa kinarudi kidogokidogo, cha mwisho hapana. Nikamwendea daktari mmoja Kilifi, nikiwa nimemwambia mama naenda kununua cheni. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Akanipa kipande cha karatasi nikibane katikati ya vidole viwili vya mwisho, akakivuta. Kikatoka bila upinzani wowote. Akaniambia mshipa wa fahamu umebanwa hapa penye kiganja, kwa kuegemea usukani, na dawa ni moja tu. "Pumzisha mkono miezi miwili. Ukiendelea, huenda hicho kidole kisirudi."

"Huenda?" nikamuuliza.

"Huenda."

Nikaondoka na hilo neno "huenda" kama mtu aliyepewa ruhusa. Mbio zilibaki mbili.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia mama, baiskeli ingefungiwa stoo. Na kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lenyewe: mdogo wangu, wa mwisho kwetu, alikuwa anaolewa. Nikah ilipangwa Ijumaa, na mbio za tano zilikuwa Jumapili ya wiki hiyohiyo. Tangu yuko shule ya chekechea amekuwa akisema, "Mimi nitachorwa na dada yangu." Nilipokuwa najifunza, mikono niliyojifunzia ilikuwa yake, alikwenda madrasa na maua yamepinda hadi wenzake wakamcheka, na kesho yake akaninyoshea tena. Ningesema ukweli wangemtafuta mchoraji mwingine. Mimi nipo, nina mikono, na mdogo wangu achorwe na mtu wa nje? Haiwezekani, nilisema moyoni. Najua, najua, mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo nimeambiwa mpaka masikio yameota sugu.

Mbio za nne zilikuwa Marafa, kwenye makorongo mekundu, nikashinda. Sasa tulikuwa sawa kwa pointi, mimi na mwalimu. Kila aliyenijua mjini alikuwa anauliza habari ya Jumapili. Muuza duka wa Kihindi anayeniuzia hina alinipigia makofi nilipoingia, akaniita bingwa kabla ya wakati. Mkono nilikuwa nikiuficha. Kazini nilizoea kukilinda kile kidole kwa macho, kama unavyomlinda mtoto anayetambaa karibu na jiko, na wateja watatu wanne walipita hivyo wala hakuna aliyejua. Nikajiona hodari.

Alhamisi baada ya adhuhuri mdogo wangu akaketi mkekani, mkono juu ya mto, ukumbi umejaa wanawake, shangazi zetu na majirani, kila mmoja na neno lake. "Mwangalieni bibi harusi wetu, anachorwa na dereva!" shangazi mmoja akasema, wakaangua kicheko, nami nikacheka. Nilianza mkono wa kushoto. Wallahi sijapata kuchora kazi kama ile. Maua madogomadogo yanapanda kutoka kifundoni, yanajisokota kila kidole, hina nyekundu ndani na piko pembeni. Mama alikuja akainama mpaka pua ikakaribia kugusa, maana haoni mbali, akasema, "Mashallah." Mama hasemi mashallah ovyo.

Nilipohamia mkono wa kulia alasiri ilikuwa ishaadhiniwa. Akili yangu haikuwa ukumbini tena. Ilikuwa kwenye mchanga wa Jumapili, kwenye upepo wa matairi, niupunguze kiasi gani, na mahali gani nimpite yule mwalimu kabla hajapata nafasi ya kunisalimia. Mguu wangu ukaanza kucheza.

"Dada, tulia," mdogo wangu akasema. "Umekaa kama mtu anayengoja gari."

"Nimetulia."

Nikachora. Nilimaliza ua kubwa la mgongo wa mkono, nikawa narudi chini kuelekea kifundoni.

"Dada."

"Nimetulia, ebo!" nikamkemea.

"Dada, kidole chako."

Nikatazama. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimelala ndani ya lile ua, piko bado mbichi, nami nilikuwa nimelikokota ua zima kutoka mizizi ya vidole hadi kifundoni. Pamebaki mfereji mweusi, mpana wa vidole viwili. Nilikuwa sijasikia kitu. Lo! Nilibaki nakikodolea macho kidole kama si changu.

Wakaleta mafuta ya nazi, wakaleta ndimu, wakasugua. Piko ile niliikoroga mwenyewe nzito ili ishike upesi, nayo ilishika. Mama akapita katikati ya watu akaketi mbele yangu. Hakuushika mkono wa bibi harusi, aliushika wangu. Akakibinya kidole.

"Unasikia?"

Akakibana kwa kucha.

"Na sasa?"

"Sisikii, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Dabaso. Daktari alinambia nipumzike."

Mama akauachia mkono wangu. "Kwa hiyo ulijua," akasema, "na ukaketi mbele ya mdogo wako."

Angepiga kelele ningejitetea. Mimi kwa kelele sishindwi. Nikamgeukia bibi harusi, nikamwambia haraka haraka kwamba nitaziba mgongo wote wa mkono uwe mweusi, ni mtindo, wa zamani wanafanya, hakuna atakayejua. Mdogo wangu akauvuta mkono wake akauweka mapajani.

"Basi, dada. Usiguse."

Katika picha zote za harusi yake mkono wa kushoto uko juu ya wa kulia. Alipendeza, kila mtu alisema. Mimi nilibeba sahani za pilau siku nzima kwa mkono wa kushoto, na kila aliyenitazama nilidhani anatazama kidole.

Jumapili nikaenda. Nimejaribu kuisimulia sehemu hii kwa namna nyingi ili nionekane afadhali kidogo. Nimewahi kusema nilikuwa nishaharibu kimoja, kwa nini niharibu na cha pili. Uongo. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kwenda. Niliamka alfajiri nikiwa na aibu mpaka kooni, na chini ya ile aibu miguu ilikuwa inawasha. Mama alikuwa uani akifua vitambaa vya harusi. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba," bila kuinua kichwa, wala hakuniuliza ninakwenda wapi na baiskeli ile.

Mbio zenyewe zilikuwa nyuma ya Kilifi, mchanga, halafu mawe, halafu mchanga tena. Nilimfuata mwalimu saa nzima. Mkono wa kulia niliufunga kwa kitambaa kwenye usukani, maana haukuwa unashika vizuri, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi. Ningeanguka ningeanguka nao. Kwenye kilima cha mwisho mwalimu akapunguza gia, cheni ikamsumbua kidogo, nikapita. Akasema, "Hongera, dada," nami sikumjibu, sikuwa na pumzi. Nilivuka mstari nikalia, na watu wakadhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia, siwezi kukataa.

Fungate ilipokwisha, bibi harusi wetu akaja kumsalimia mama. Mama akaenda jikoni kupika chai akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyotaka. Tukabaki wawili ukumbini. Ile piko ilikuwa imeanza kufifia, mfereji umekuwa wa kijivu.

"Umeshinda?" akaniuliza.

"Nimeshinda. Msimu wote. Nitakwenda bara."

"Alhamdulillahi," akasema. "Angalau kimoja kimepatikana."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli. Nikamwambia anisamehe. Akasema amenisamehe tangu Ijumaa ileile, wakati anasainishwa hati ya ndoa, ila ana swali. "Ungeniambia, dada, ningemwita mtu mwingine anichore. Nawe ungeketi kando yangu tu, unanishika mkono mwingine. Na Jumapili ningemwomba mume wangu tuje kukushangilia. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka vyote," nikasema.

Akanyosha ule mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya wangu, upande wa kile kidole, akakikumbatia kwa vidole vyake na kukikaza. Niliona vidole vyake vinakaza. Niliendelea kutazama, nikingoja kusikia, mpaka mama akaingia na chai.