Nyanya Niliyemwacha Kwenye Theluji

Cheka kwanza, umalize, ndipo nikusimulie. Mke wangu alicheka, pasta wetu akaguna, na mimi sijabadilisha neno hata moja. Haya yalinipata mwenyewe, hapa Mansfield, Agosti ya 2018, saa saba mchana, jua likiwaka vile unavyolijua jua la Texas. Sikuwa nimelewa. Mimi ni nesi, nafanya kazi usiku, na mchana nilikuwa nabaki na mtoto mke wangu akienda kazini.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi miwili, na alilia kama aliyeajiriwa kulia. Daktari alimpima, akasema ni mzima. Tulikuwa tumempa jina la Kizungu, jepesi, ili walimu wasije wakamtesa. Mama yangu akapiga simu kutoka Kisumu: "Huyo analilia jina. Mtajieni marehemu wetu mmoja mmoja. Akinyamaza, mmelipata." Ndiyo desturi yetu Wajaluo. Nikawataja wote. Nilipofika kwa Akoth, nyanya yangu mzaa baba, mtoto akapiga yowe hadi jirani akachungulia. Tukajua mtoto hamtaki huyo.

Ili nisirukwe na akili, nikarudia gemu ya utotoni. Ni ya Kichina, ya zamani: msichana mwenye upanga, mapepo, mbweha wanaogeuka watu, mlima wa theluji. Kaka yangu alikuwa amenitumia faili zangu zote kutoka kwa ile kompyuta yetu ya Kisumu. Niliicheza bila kusoma herufi hata moja, kwa kubahatisha tu, na hakuna mtoto mtaani aliyefika mbali kama mimi. Hilo najivunia mpaka leo. Lakini sikuimaliza. Nilimwacha yule msichana mlimani, mbele ya zimwi la mwisho, nikaenda kufanya mtihani wa kidato cha nne, kisha maisha yakanibeba. Na jina lake? Gemu ilikuruhusu kumpa jina upendalo. Nyanya alifariki mwaka ule nilioanza kuicheza, nami nilimpenda sana. Nikaandika AKOTH.

Basi siku hiyo nimempakata mtoto, analia, nimewasha gemu, na Akoth wangu yuko palepale nilipomwacha, theluji inamwangukia. Kengele ya mlango ikalia.

Nikafungua. Mwanamke mzee, amevaa joho la hariri, upanga mgongoni, kitambaa cha kichwani kimejaa theluji. Theluji, Agosti, Texas! Wewe ungefanya nini? Mimi malezi yalinitangulia. "Karibu, mama. Unatafuta nani?"

Akanijibu kwa Kijaluo: "Ni nani huyu aliyeniita kwa jina langu, kisha akaniacha kwenye baridi?"

Alipofungua kinywa nikaona pengo la chini, yale meno sita waliyokuwa waking'olewa wazee wetu. Niamini, hakuna Mchina aliyechora pengo lile. Huyu alikuwa nyanya.

Akapita, akaketi kwenye sofa. Mtoto akanyamaza, akamnyooshea mkono. Nikamwinua nimkabidhi. Nyanya akarudi nyuma. "Siwezi kumshika. Ananisikia nikitajwa, nami siji. Jina langu bado liko kule mlimani. Maliza."

Nikacheza. Zimwi likampiga Akoth, na kila pigo nyanya alishika ubavu wake. Dawa za gemu nilikuwa nazo, vibuyu tele, nilivilimbikiza tangu utotoni nikisubiri siku mbaya.

"Dawa unamwekea nani?" akafoka. "Na unajiita nesi?"

Umesikia hapo? Nyanya alikufa mimi nikiwa kidato cha pili. Unesi wangu aliujulia wapi? Nikaona haya. Nikampa yule msichana kibuyu baada ya kibuyu, akasimama tena na tena, na zimwi likaanguka. Nilipiga kelele kama nimeshinda uchaguzi. Kwenye skrini, katikati ya herufi za Kichina, likatokea jina AKOTH, na yule msichana akashuka mlimani.

Nilipogeuka, sofa ilikuwa tupu na imelowa. Mtoto alikuwa amelala.

Mke wangu alirudi saa kumi na moja. "Kwa nini sofa iko wet? Ama uli-doze na mtoto mikononi?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia, "Mwite Akoth." Akamwita kwa mzaha tu. Mtoto akaamka, akamtazama, akatabasamu. Mke wangu akaacha kucheka, akambeba, machozi yakamtoka. "Akoth," akarudia. "Akoth wa mama."

Sasa ni miaka miwili. Tulibadilisha cheti chake cha kuzaliwa. Gemu bado ninayo, ila pale penye jina pako wazi, na nikiandika herufi hazikai. Nimejaribu mara nyingi, nikaacha. Akoth wangu anatembea kama mwenye nyumba, na dukani akiulizwa jina analitangaza mpaka watu wanageuka. Na mimi nyuma yake, kifua mbele.

Basi nawe, jina la marehemu wako usilibandike kwenye kitu utakachokiacha njiani. Kama umeshafanya hivyo, rudi ukamtoe leo. Jina mpe mtoto. Walimu watajikwaa siku mbili tatu, kisha watajifunza. Mimi nilipofika hapa nilijifunza majina yao yote, na hakuna aliyenionea huruma.